Anayenialika Kazini Analipwa kwa Kunialika: Je, Nimwamini?

SWALI: Ndugu mjibu maswali, pokea salamu zangu. Ninaishi Louisville, Kentucky, pamoja na mke wangu na watoto wawili. Kabla ya kuja Marekani nilikuwa utingo, baadaye dereva, katika njia ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa, na huku nimepakia mizigo ghalani kwa zamu ya usiku miaka mitatu mfululizo nikidunduliza ada ya chuo cha udereva. Sasa leseni ya daraja A, ya malori makubwa, ninayo mkononi, na tangu habari ienee simu yangu hailali. Anayenipigia zaidi ni kaka mmoja ninayesali naye, dereva wa miaka mingi, ambaye anasema kampuni yake inalipa senti 58 kwa maili, kwamba yeye hakosi kuingiza dola 2,000 kwa wiki, na kwamba nyumbani hurudi anapotaka. Amenisisitizia mara tatu kwamba nitakapojaza fomu ya maombi niandike jina lake pale panapoulizwa nani amenielekeza. Wiki iliyopita nilisikia kwa mtu mwingine kwamba kampuni humlipa dola 3,000 kwa kila dereva anayempeleka, jambo ambalo yeye hakuwahi kulitaja. Mke wangu anasema tumeuzwa kama mbuzi wa mnadani. Sitaki kuvunja undugu, wala sitaki kutumbukia shimoni huku ninaliona. Je, nimwamini?

JIBU: Mkeo ana sababu ya kukasirika, ingawa nadhani hasira yake imetua pasipo penyewe. Kulipwa kwa kuleta dereva hakuna siri wala hila katika kazi hii. Kampuni nyingi za malori za Marekani zina utaratibu huo na huubandika wazi kwenye chumba cha madereva. Kinachouma ni ukimya wa kaka yako, kwa maana mtu akikuomba mara tatu uandike jina lake bila kukueleza linamletea nini, amekunyima kipimo cha kuyapimia maneno yake mengine yote.

Sisi tuliokulia katika miji ya Afrika Mashariki tunamfahamu vizuri dalali wa nyumba. Hatumwiti mwizi kwa kuchukua kodi ya mwezi mmoja, kwa kuwa ndiyo kazi yake, lakini hatumuulizi yeye kama paa linavuja. Hilo tunamuuliza mpangaji anayehama. Ugumu wa swali lako unatokana na kwamba kaka yako ni dalali na mpangaji kwa wakati mmoja: nyumba anaijua kwa ndani, na analipwa ukiingia. Kwa hiyo usimtupe, na usimmeze mzima. Yako maneno ya mpangaji ambayo utayataka, na yako maneno ya dalali ambayo utayaacha mezani, na kazi ni kuyatenganisha.

Kwanza ifahamu asili ya fedha hiyo. Chama cha wenye kampuni za malori cha Marekani, American Trucking Associations, kwa miaka mingi kilitoa takwimu zinazoonyesha kwamba katika kampuni kubwa za masafa marefu kiwango cha madereva wanaoacha kazi kilizunguka asilimia 90 kwa mwaka. Takwimu hiyo haimaanishi kwamba madereva tisa kati ya kumi huondoka kila mwaka, kwa sababu wapo wanaokaa miaka kumi bila kutikisika, huku kiti kingine kikikaliwa na watu watatu au wanne kati ya Januari na Desemba, na wengi wa hao wanaopita ni madereva wapya kama wewe. Lori lililoegeshwa bila dereva linaendelea kudaiwa rejesho la benki na bima, na ndiyo maana kumpa dereva dola elfu kadhaa alete mwenzake ni nafuu kwa kampuni kuliko kuliacha lori uani. Chama cha madereva wenye malori yao, OOIDA, chenye makao yake Grain Valley, Missouri, kimekuwa kikisema siku zote kwamba nchi haina upungufu wa madereva, ila ina upungufu wa kazi zinazomfanya dereva abaki. Mimi nakubaliana nacho. Bonasi peke yake, basi, haikuambii kwamba kampuni ni mbaya. Inakuambia kwamba kiti kiko wazi, na una haki ya kuuliza aliyekikalia kabla yako amekwenda wapi.

Sasa muulize kaka yako tarehe. Bonasi hizi mara nyingi hazitolewi kwa mkupuo: sehemu hulipwa mgeni anapomaliza siku chache za maelekezo ya kuingia kazini, nyingine baada ya siku 30 au 90, na iliyobaki baada ya miezi sita au mwaka, kwa sharti kwamba uliyemleta bado yupo. Mpango wa namna hiyo una maana kubwa kwako. Ikiwa dola 2,500 kati ya zile 3,000 atazipata ukifikisha mwaka mmoja, basi kwa mwaka mzima ana sababu ya kukupigia simu kukuuliza umelalaje, na hata kwenda ofisini kukutetea ukinyimwa mizigo. Ikiwa zote hulipwa siku ya kusaini, faida yake kwako imekwisha kabla hujawasha injini. Dereva anayejua ratiba ya malipo yake ataitaja bila kufikiri, na akianza kuzungukazunguka, jiulize kwa nini.

Nina deni la kukueleza jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa barabarani nilimleta mtu mmoja kwenye kampuni niliyofanyia kazi, nikalipwa dola 500 alipomaliza maelekezo, na nyingine 1,000 zingekuja baada ya miezi sita. Sikumdanganya hata neno moja. Nilimwambia kwamba ninakwenda Atlanta na kurudi, kwamba trela hulikuta limekwisha kupakiwa, kwamba Ijumaa usiku ninalala nyumbani, na yote yalikuwa kweli. Yeye akapewa lori kuukuu na mpangaji mwingine wa mizigo, yule tunayemwita dispacha, akatumwa Pennsylvania na New Jersey katika miezi ya theluji, akawa anasubiri kupakiwa saa tano hadi saba bila malipo. Juma la saba akarudisha funguo. Hakunilaumu kwa mdomo, ila siku hizi tukikutana msibani salamu yake haizidi maneno mawili. Nilikuwa nimemsimulia kazi yangu, naye akadhani ninamsimulia yake. Dereva wa miaka mingi ana njia aliyoizoea, ana dispacha anayemwogopa kidogo, ana maili zinazompendeza; mgeni hupewa kilichobaki. Ndiyo maana hata kaka yako akiwa mkweli kama mizani, bado unahitaji kumtafuta dereva wa kampuni hiyohiyo aliyeingia katika miezi sita iliyopita, na wa pili aliyeondoka katika kipindi hichohicho. Mwambie kaka yako akupe majina mawili ya watu aliowahi kuwaleta. Kama amewaleta wanne na hakuna hata mmoja aliyebaki, hilo ni jibu lisilohitaji ufafanuzi.

Turudi kwenye maneno yake, tuyapigie hesabu. Dola 2,000 kwa senti 58 ni karibu maili 3,450 kwa wiki. Sheria ya saa za kazi inamruhusu dereva kuendesha saa 11 ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, kisha lazima apumzike saa 10, na asiendeshe tena akishafikisha saa 70 za kazi katika siku nane isipokuwa amepumzika saa 34 mfululizo ndipo hesabu ianze upya. Kwa mwendo wa wastani wa maili 55 kwa saa, ambao ni mwendo mzuri ukiweka mafuta, foleni na milima, maili 3,450 zinadai takriban saa 63 za usukani. Zigawe kwa siku sita upate zaidi ya saa kumi kila siku, kila juma, bila mteja mmoja kukuchelewesha, na siku inayobaki ndiyo ya kupumzika zile saa 34, pengine katika kituo cha malori kando ya barabara. Mtu anayefanya hivyo yupo, simkatai. Lakini mtu huyo harudi nyumbani anapotaka. Sentensi mbili alizokuambia kaka yako haziwezi kuishi nyumba moja: ama analipwa zaidi ya maili, ama wanaendesha wawili kwa kupokezana, ama dola 2,000 ni ya wiki moja njema aliyoiweka kama picha ukutani, ama fedha hiyo ni ya kabla ya makato.

Hapo kwenye makato ndipo ninapotaka ukae zaidi, kwa kuwa Kiswahili chetu kina neno linaloficha mengi. Mtu akisema “naingiza dola 2,000” hajasema anabaki na ngapi. Muulize kama mwisho wa mwaka hupewa fomu ya W-2 au ya 1099. Mwenye W-2 ni mwajiriwa: kampuni inamkata kodi na kumchangia nusu ya hifadhi ya jamii. Mwenye 1099 anahesabiwa kuwa mfanyabiashara anayejitegemea, hata kama lori ni la kampuni na saa zote anaamriwa na kampuni, na kodi ya kujiajiri, takriban asilimia 15 ya faida, anailipa yeye juu ya kodi ya mapato. Kampuni ndogondogo zinazoajiri wahamiaji hupenda sana 1099, na wanaoingia humo kwa mwaliko wa ndugu aghalabu huligundua deni mwezi wa Aprili, wakati wa hesabu za kodi.

Kibaya zaidi ni pale mwaliko unapokuja pamoja na maneno “utakuwa na lori lako mwenyewe”. Huo ni mpango wa kukodishiwa lori na kampuni ileile inayokupa mizigo, kwa ahadi kwamba baada ya miaka kadhaa litakuwa mali yako. Chukua mfano wa kukadiria: wiki yenye maili 2,500 inaonyesha mapato ya dola 4,000, na ndiyo namba utakayotajiwa. Toa kodi ya lori 900, mafuta 1,460, trela 200, bima 250, akiba ya matengenezo 250, na dola 25 za kifaa cha kurekodi saa za kazi. Unabaki na 915, na kodi ya serikali bado hujaigusa. Wiki ukiugua, au lori likilala gereji siku nne, mapato yanakoma lakini kodi ya lori haikomi, na karatasi ya malipo inakuja na alama ya kutoa mbele ya namba. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya dereva Dominic Oliveira dhidi ya kampuni ya New Prime. Hoja iliyokuwa mbele ya majaji ilikuwa finyu, kwamba je, sheria ya usuluhishi ya mwaka 1925 inaweza kumfungia milango ya mahakama dereva aliyeandikwa kuwa mkandarasi, na majaji wote walioisikiliza walisema haiwezi. Lakini malalamiko aliyokwenda nayo mahakamani yalikuwa haya tunayoyazungumza: kwamba makato yaliyashusha malipo yake chini ya kima cha chini cha mshahara. Kesi hiyo ilimalizwa mwaka uliofuata kwa makubaliano ya dola milioni 28. Na mwezi wa Januari 2025 kikosi kazi kilichoundwa chini ya serikali kuu kuichunguza mikataba hii ya kukodisha-kununua kilipendekeza ipigwe marufuku. Ukisikia kaka yako analipwa zaidi kwa kumleta mtu anayekubali kukodishiwa lori kuliko anayekuja kuwa mwajiriwa, msalimie kwa heshima na uondoke.

Kwa hiyo mwombe karatasi zake za malipo za wiki nane mfululizo. Nasema nane na nasema mfululizo, kwa sababu kila dereva ana karatasi moja anayoionyesha watu. Afiche namba zake za siri kwa kidole gumba, hilo halina neno. Angalia mstari wa maili zilizolipwa, kisha muulize lori lilitembea maili ngapi kwa mita yake, kwa kuwa kampuni nyingi hulipa kwa maili za kitabu, zinazohesabiwa toka mji hadi mji, na ni kawaida maili za kitabu kuwa pungufu ya zile ulizozitembea kwa matairi. Angalia kama kuna mstari wa kulipwa kwa kusubiri ghalani. Usipouona katika karatasi nane, basi malipo ya kusubiri yamo katika maneno tu. Angalia pia senti 58 zenyewe zimeandikwa wapi, maana huenda ni kiwango cha mtu wa miaka mingi, na wewe utaanza na mkufunzi kwa malipo ya siku.

Yapo mambo ambayo huna haja ya kumuuliza kaka yako kabisa. Ubavuni mwa kila lori linalovuka majimbo imeandikwa namba ya Wizara ya Uchukuzi, USDOT. Inakili, uiingize katika tovuti ya SAFER ya mamlaka ya usalama wa malori, FMCSA, na bila malipo utaona kampuni ina malori mangapi, imepata ajali ngapi katika miezi 24, na ni asilimia ngapi ya magari na madereva wake waliozuiwa kuendelea na safari baada ya kukaguliwa, kando ya wastani wa taifa. Kampuni ambayo nusu ya malori yake yaliyokaguliwa yalizuiwa haijali breki, na kama haijali breki haitajali usingizi wako. Linganisha pia jina lililo kwenye mlango wa lori na jina litakalokuwa kwenye mkataba wako, kwani zipo kampuni zinazofungiwa leo na kufufuka kesho kwa namba nyingine na malori yaleyale. Wakaguzi wenyewe huziita vinyonga.

Swali moja zaidi ni la ana kwa ana, wala usilifanye kwa simu: je, ofisi imewahi “kumrekebishia saa”? Tangu Desemba 2017 malori mengi ya masafa marefu hutakiwa kuwa na kifaa cha kielektroniki kinachorekodi saa za dereva, na katika baadhi ya kampuni kuna mtu ofisini anayezifuta saa ili lori lisisimame. Akicheka na kusema “kila mtu anafanya”, amekuambia ukweli mkubwa bila kukusudia. Na wewe ujue kwamba sheria inamlinda dereva anayekataa kuendesha kinyume cha saa au gari bovu. Akifukuzwa kwa sababu hiyo ana siku 180 za kupeleka malalamiko kwa idara ya usalama kazini, OSHA.

Kuhusu karatasi zako za ukaazi nitasema kidogo. Tangu tarehe 25 Juni 2025 dereva anayeshindwa kuzungumza na mkaguzi kwa Kiingereza cha kutosha huweza kusimamishwa barabarani palepale, na Septemba ya mwaka huohuo serikali ilitoa kanuni ya kubana leseni za wasio raia wala wakaazi wa kudumu, kanuni iliyofikishwa mahakamani. Kama una kadi ya kijani, hilo la pili halikugusi. Lakini yeyote akikuambia “usijali, kampuni itayamaliza hayo”, jua kwamba kampuni haina mamlaka hayo, na dereva aliyekualika ana mamlaka kidogo zaidi.

Namna ya kumkabili kaka yako bila kuvunja undugu ni kuitaja fedha kabla yake, tena kwa sauti ya kawaida. Mwambie: “Kaka, nimesikia kampuni hukupa shukrani kwa kila unayemleta. Hiyo ni haki yako, na nikija jina lako nitaliandika. Naomba karatasi zako nane na namba za vijana wawili uliowaleta.” Kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na hakuna ubaya akivuta mbele ya macho yako. Akikupa, umepata mwongozo bora kuliko tangazo lolote, na dola 3,000 atakuwa amezitolea jasho. Akikasirika, usijibizane naye. Subiri kampuni nyingine, kwani kwa leseni uliyo nayo zitapiga simu. Na yasikie pia ya mkeo kabla hujasaini, kwa kuwa majuma ambayo wewe utakuwa kwenye trela ni yeye atakayekuwa na watoto.

SWALI: Mimi niko Mombasa, dereva wa trela njia ya Malaba hadi Kampala. Kuna Mkenya mwenzetu aliye Texas ambaye huonyesha lori lake kwenye video, na anasema kampuni yake inatafuta madereva kutoka Afrika. Anataka shilingi 180,000 za kushughulikia faili, na anadai kwamba bonasi atakayopewa na kampuni atanirudishia nusu. Je, hili linafanana na zile bonasi za kuleta madereva?

JIBU: Halifanani, ndugu yangu, na tafadhali usitume hata shilingi moja. Bonasi ya kuleta dereva hutoka mfukoni mwa mwajiri kwenda kwa aliyeleta. Siku fedha inapotoka kwa anayeletwa, jina lake limebadilika. Kampuni hulipa bonasi kwa mtu ambaye tayari ana leseni ya Marekani na haki ya kufanya kazi kule, anayeweza kukaa kwenye usukani baada ya siku chache. Wewe huna kimoja wala kingine, kwa hiyo hakuna bonasi ya kugawana nusu.

Zaidi ya hayo, tarehe 21 Agosti 2025 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kusitishwa kwa utoaji wa viza za kazi kwa madereva wa malori ya biashara. Hata kabla ya tangazo hilo, njia iliyokuwepo ya ukaazi wa kudumu kupitia mwajiri ilichukua miaka, na sheria yao humkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuombewa kibali kile. Mtu huyo hata kama lori lile ni lake kweli, na video ni ya kweli, fedha anayoitaka haina mahali pa kwenda isipokuwa kwake. Ukialikwa kazi ya nje, iwe Marekani au nchi za Ghuba, anza kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, uulize kama wakala husika ana leseni. Aliyekualika akisema hakuna wakala, ni yeye tu na bosi wake, usiendelee na mazungumzo.

SWALI: Nimesoma majibu yako ya nyuma kuhusu madereva na nimejisikia nashutumiwa. Mimi ni dereva, naishi Des Moines, Iowa, na nimewaleta watu sita kwenye kampuni yangu, wanne bado wapo. Huwa ninarekodi video fupi kwa Kiswahili nikiwa njiani, naeleza maisha ya kazi, na mwisho naweka kiungo cha kuomba kazi chenye namba yangu. Bonasi ninaipokea bila aibu. Je, ninalazimika kuitangaza?

JIBU: Wanne kati ya sita ni rekodi ambayo ofisi nyingi za uajiri zingeitamani, na shutuma sina. Lakini jibu ni ndiyo, unalazimika, na si kwa adabu peke yake. Miongozo ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliyorekebishwa mwaka 2023, inamtaka mtu anayesifia bidhaa au kampuni mtandaoni aseme waziwazi kama kuna malipo au uhusiano unaoweza kubadili uzito wa maneno yake, na kiungo chenye namba yako ni uhusiano wa aina hiyo. Useme kwa lugha ileile unayoizungumza kwenye video, na useme mwanzoni, kwa kuwa wengi hawafiki mwisho. Sentensi moja inatosha: “Ukiomba kazi kupitia kiungo hiki kampuni itanilipa dola kadhaa, nusu ukianza na nusu ukimaliza miezi sita.” Weka kiasi chenyewe. Nimeona madereva wakihofia kwamba watapoteza wasikilizaji. Ninaowajua mimi waliotangaza malipo yao wamepata simu pungufu, lakini waliopiga walikuwa wamekwisha kuamua kukaa.

La pili, waeleze watazamaji wako habari za wale wawili walioondoka. Huna haja ya majina. Sema kwamba mmoja aliondoka kwa sababu hii na mwingine kwa ile, kwa maana hao ndio anaotaka kuwasikia mtu aliyeko ghalani usiku huu akihesabu kama aache mshahara wa saa na kuingia kwenye mshahara wa maili. Na kama njia yako ni ya Chicago na kurudi, huku wageni wakitumwa Wyoming, irekodi hiyo Wyoming pia, au mwombe mmoja wa wale wanne airekodi akiwa kwenye kiti chake.